Mlango wa Bibi Harusi

Cheka tu, msomaji, mimi nitacheka siku nitakayoweza. Mzee Hamadi, mfanyabiashara wa karafuu wa Chake Chake, aliniita nimtengenezee gari iliyobanwa na lori ukutani, ikabonyea pande zote. Alasiri ileile ilitakiwa impeleke binti yake kwa mumewe, kijijini Wesha.

Nikaipandisha juu ya jeki uani kwake, nikagonga mabati. Mlango mmoja wa nyuma nikaufunga kwa waya, wa pili nikaulinganisha na fremu yake. Mzee hakunipa pumzi.

"Fundi, bado?"

"Bado kidogo, mzee."

Nikaufungua ule mlango wa pili na kuufunga mbele yake kwa kidole kimoja. Akafurahi, akanialika harusini. Nikashusha jeki bila kuujaribu tena. Bibi harusi alipopanda, mlango ulifungwa kwa mabega ya wanaume wawili. Nikajifanya sikuona.

Wesha tukapokewa kwa vigelegele. Wanaume wakavuta mlango, ukagoma. Wakavuta tena, ukagoma. Hapo nikaelewa: niliulinganisha gari ikiwa juu ya jeki. Ilipokaa chini na kubeba watu, bodi ilijipinda ikaubana.

Vigelegele vikakoma.

"Fundi yuko wapi?" Mzee Hamadi akanguruma.

Nikajikunja nyuma ya mpiga dufu mmoja mnene, kofia nimeivuta hadi machoni. Bibi harusi, ambaye siku ile hakutakiwa hata kukohoa, akatoa kichwa dirishani.

"Baba," akapaza sauti, "huyo hapo, nyuma ya dufu!"