Shamba Safi la Mama Fagio

Jina la Mama Fagio alipewa na majirani, naye hakulipenda wala hakulikataa. Shamba lake ndilo lililomponza. Katikati ya mistari yake ya mahindi hukuona gugu hata la dawa, na kingo zake zilikwanguliwa mpaka mgeni akasita kuzikanyaga na viatu. Mumewe, mtu wa maneno machache na utani mwingi, aliwaambia watu kwamba nyumbani kwake hata mende hupangusa miguu kabla ya kuingia.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, ikawatia watu moyo, kisha ikakata. Mahindi yakafika magotini, yakajikunja, yakakauka yakiwa yamesimama. Kijiji kizima kilikula hasara. Serikali ikatangaza kwamba wakulima walioathiriwa na ukame watapewa mbegu zinazowahi kukomaa, pamoja na chakula cha kuvushia msimu, ila kwanza kamati ipite shamba kwa shamba kujionea. Afisa kilimo alilieleza hilo mkutanoni kwa kirefu, na katika maelezo yote Mama Fagio alishika neno moja tu: wageni.

Hebu niambie, wageni wa serikali waje wakute shamba linatia aibu namna ile? Alijifunga kibwebwe. Aling'oa mabua yote, akampelekea ng'ombe zizini, akasawazisha udongo, akafagia na njia. Alipomaliza, mgongo ulikuwa ukimuuma na roho yake imetulia.

Kamati ilipofika, mwanamama aliyeiongoza alisimama ukingoni, akatazama huku, akatazama kule.

"Mama, msimu huu hukulima hapa?"

"Nililima. Mahindi yalikauka."

"Yako wapi?"

"Nimeyatoa, mwanangu. Si nilijua mnakuja?"

Mwanamama akamgeukia afisa kilimo, na afisa kilimo akatazama viatu vyake. Zizini ng'ombe alikuwa keshamaliza kila kitu, hata bua la kuonyesha halikuwapo.

"Nakuamini, mama," mwanamama akasema, "lakini natakiwa kuandika ninachokiona."

Jirani yao, aliyeitwa Bwana Kesho kwa sababu siku yake ya palizi haikufika kamwe, alipata mbegu na chakula. Shambani kwake magugu na mahindi makavu yalikuwa yamekumbatiana. Mama Fagio hakumwonea kijicho. Hasira zake zote zilikuwa juu yake mwenyewe, nazo zilikuwa kali, zile za kumfanya mtu aongee peke yake akiosha vyombo. Familia ilivuka msimu kwa kumuuza ng'ombe. Anayejua maziwa ya asubuhi yana maana gani katika nyumba yenye wajukuu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kilichobaki walinunulia mbegu, wakapanda zote. Safari hii mahindi yalifika kubeba magunzi, na mvua ikafanya yaleyale. Ghalani hapakuwa na punje, zizini hapakuwa na cha kuuza. Kamati isingewaandika, wasingekuwa na cha kula wala cha kupanda. Afisa kilimo alimpitia mapema akamwonya asiguse kitu mpaka wageni wapite.

Mnaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kamati ilichelewa, na magugu, ambayo hayajui ukame, yakaota katikati ya mistari bila wasiwasi. Kila alfajiri Mama Fagio alijikuta ameshika jembe kabla hajanawa uso. Mumewe akalificha darini. Mama Fagio akaenda kuazima kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi ng'ambo ya njia.

"Jembe la nini?" wifi akamuuliza.

"La kupunguza magugu tu. Pembeni pembeni."

"Wifi, una wazimu? Kaa hapo unywe chai."

"Watu wanapita njiani wananiona."

"Na wakuone. Mwaka jana hawakuona kitu, ukapata nini?"

Mama Fagio akaketi. Alikunywa chai, akarudi nyumbani kwa kuzungukia nyuma, maana njia ya mbele ilipita shambani. Aliona haya kama mtu aliyefumaniwa barabarani na nguo za kulalia. Usingizi ulimpaa, na mumewe akaacha utani, jambo lililomtisha zaidi kuliko magugu.

Hatimaye kamati ikaja, ileile, na mwanamama yuleyule mbele. Aliingia katikati ya mahindi, akavunja bua, akamenya gunzi lisilo na punje, akapiga picha. Njiani watu walikuwa wamejaa, Bwana Kesho akiwa wa kwanza kufika, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mama Fagio alisimama mikono ameifumbata mgongoni. Angeiachia, ingeng'oa kitu.

"Mama, shamba lako limeharibika kabisa," mwanamama akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, huku akiandika. "Hapa hakuna cha kuokoa."

Tangu ashike jembe, hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Yalimchoma. Mumewe aliona midomo yake inataka kujitetea, akamgusa kiwiko.

"Asante, mwanangu," Mama Fagio akasema.