Barua ya Kujiuzulu Ambayo Sikuiandika

Mnajua nilivyogundua kwamba nimeacha kazi? Nililetewa barua na posta.

Naapa. Nafungua bahasha jikoni, nakuta nimejiuzulu. Jina langu, Corliss Veach. Saini yangu. Tarehe 9 Januari.

Na mimi barua hiyo sijaiandika hata ndotoni.

Ukweli ni huu. Miaka kumi na mmoja nilifunga maboksi kwenye kiwanda cha pai zilizogandishwa. Tarehe 12 Januari, meneja wetu, Dwight Rasker, alitusimamisha watu kumi na saba kwenye maegesho ya magari, theluji inatuchapa usoni, akasema, "Oda zimepungua. Nendeni nyumbani."

Basi. Hata pole hakuna.

Nikaomba mafao ya kukosa ajira. Kwetu jimbo hulipa mpaka wiki ishirini na sita, mradi usiwe umeacha kazi kwa hiari yako. Kila Jumapili unajaza fomu mtandaoni: bado huna kazi, na umeomba wapi.

Nilijaza wiki tatu. Ndipo ikaja hiyo bahasha. Ombi limekataliwa, na kopi ya "barua yangu" ndani yake.

Nikampigia Marlys, shoga yangu tuliyefunga naye maboksi bega kwa bega kiwandani, mama wa miaka sitini na moja.

"Marlys, na wewe umejiuzulu?"

"Inaonekana," akasema. "Tena kwa adabu sana. Nimewashukuru kwa malezi yao."

Nilicheka sekunde mbili. Halafu damu ikanichemka.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mwajiri akifukuza watu, mchango anaolipa kwenye mfuko wa mafao hupanda. Wakiacha wenyewe, haupandi. Kwa hiyo mtu mzima na suti yake alikaa chini akaghushi saini zetu.

Nikapiga simu ofisi ya jimbo. Kwa saa moja na dakika arobaini nasubiri kujibiwa, nasikiliza ule muziki wa lifti wanaokuwekea.

"Mama, mfumo unaonyesha umekataliwa," dada mmoja akaniambia.

"Najua. Nakata rufaa. Ile fomu ya kila wiki niendelee kujaza?"

"Ukishakataliwa hakuna kinacholipwa, mama."

Simu ikakatwa. Nikaelewa nilivyoelewa. Nikaacha kujaza.

Marlys hakuacha. Kila Jumapili, akitoka kanisani, miwani puani, anabonyeza.

"Unajaza fomu ya hela usiyopewa?" nikamtania. "Acha kujidhalilisha, bibie. Mimi napigana, wewe unabembeleza kompyuta."

"Hakuna aliyeniambia niache," akajibu, akaendelea kubonyeza.

Nami kweli nilipigana. Rufaa, yangu na ya Marlys, niliziandika siku ileile ya simu. Chakula tukawa tunachukua kwenye ghala la msaada la kanisa, maharage ya kopo mpaka mwanangu akasema ananuka maharage.

Halafu nikiwa natafuta stakabadhi za kodi, nikakuta karatasi ya mahakama ya kaunti. Tarehe 9 Januari.

Nilikaa kitako sakafuni.

Siku ile sikuwa kiwandani kabisa! Mahakama ilikuwa imeniita kukaa na raia wenzangu kumi na mmoja kuamua kesi ya mwizi wa magari. Kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nikaenda kwa karani wa mahakama, akanipa barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba nilikuwa pale kutwa nzima.

Rufaa yangu na ya Marlys zikasikilizwa pamoja, kwa simu, mwezi Aprili. Rasker akala kiapo.

"Una hakika walisaini mbele yako?" hakimu akamuuliza.

"Asilimia mia. Walikaa mezani kwangu wote wawili, tarehe 9, saa nne asubuhi."

"Bi Veach?"

Nikaisoma ile barua ya mahakama, neno kwa neno.

Nikasikia Rasker anapekua makaratasi.

"Labda... labda ilikuwa siku nyingine," Rasker akasema.

"Ulisema asilimia mia," hakimu akamjibu.

Tukashinda! Sote wawili. Nililia, nikakumbatia friji.

Wiki iliyofuata Marlys akanipigia, anahema. "Corliss, zimeingia. Wiki zote kumi na nne!"

Nikafungua akaunti yangu mbio.

Wiki tatu.

Nikarudi kwenye simu, kwenye muziki wa lifti. "Wiki ambazo hukujaza fomu hazihesabiki," kijana mmoja akasema.

"Ninyi ndio mliniambia hakuna kinacholipwa!"

"Nani alikuambia, mama? Una jina lake?"

Sikuwa na jina.

Niliomba wiki hizo kumi na moja zifunguliwe upya nizijazie fomu. Jibu likaja, mstari mmoja: sababu haitoshi.

Marlys alikuja na keki, akaiweka mezani. Nilimwomba radhi. Akasema, "Kula." Ndiyo urafiki huo.

Sasa wewe uliyefukuzwa juzi, nisikilize. Wakikukataa, kata rufaa kabla siku walizoandika hazijaisha. Na unaposubiri, jaza fomu yao kila wiki, hata kama wamekuambia hupati senti. Ukipiga simu, uliza jina la anayekujibu, liandike na saa uliyopiga. Kushinda kesi ni jambo moja, kulipwa ni jambo jingine, na hapo katikati ndipo wanapotumeza.

Na Rasker? Bado meneja. Yeye hajapoteza hata wiki moja.