Malkia wa Pau Mkononi mwa Firoz

Firoz alizaliwa Tanga, akaingia London akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hajaishi kwingine ila mtaa wa Kilburn. Aliendesha mabasi mpaka akastaafu. Kukaa nyumbani kulimshinda, akachukua kazi ya siku tatu kwa wiki: kuwachukua wazee kwa minibasi na kuwapeleka kituo chao cha mchana. Alijua nani anataka kukaa dirishani na nani mkanda unambana.

Jumatano alasiri ilikuwa ya karata. Yeye na mkewe Leena walipanda ghorofa moja kwenda kwa Gerda, mjane wa Kijerumani, na wa nne alikuwa Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Harjit na Firoz walizungumza Kiswahili wao kwa wao, maana mmoja kwao ni Kipunjabi na mwingine Kigujarati.

Gerda ndiye aliyewafundisha mchezo wa kwao, Slobberhannes. Alisema babu na bibi yake waliucheza kaskazini mwa Ujerumani, na kabla yao ulikuwepo. Nani aliubuni, hakuna ajuaye. Watu wanne hugawana karata thelathini na mbili, kuanzia saba hadi ree, wala hakuna turufu. Ikitangulizwa aina fulani, mwenye nayo lazima aitoe, na aliyetoa kubwa ya aina hiyo ndiye anayekula mzunguko. Ila hapa kula ni hasara. Ukila mzunguko wa kwanza unapata alama moja mbaya, ukila wa mwisho moja, na ukila wenye malkia wa pau, moja. Ukiangukiwa na yote matatu, unaongezewa ya nne. Wa kwanza kufika kumi ameshindwa.

Jumatano moja ya Februari, Harjit akiwa na alama tisa mbaya, alitanguliza saba ya pau. Gerda akatoa tisa, Leena kumi. Firoz akatupa shupaza, maana yake hana pau hata moja. Mizunguko miwili baadaye Harjit alikula kwa mfalme wa kopa, na juu yake Firoz akaweka malkia. Alikuwa malkia wa pau.

Harjit aliigonga ile karata kwa kidole. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili Gerda asielewe, "Ulikuwa naye tangu mwanzo. Umeiba, Firoz bhai."

Leena, ambaye Kiswahili anakielewa, alicheka akidhani ni utani. Firoz aliinama, akaisogeza karata karibu na uso, akairudisha mezani. Alikuwa amemshika malkia yule akiamini ni wa shupaza.

"Ndiyo," akasema. "Nimeiba."

Aliondoka bila kumaliza chai yake. Nyumbani Leena alimuuliza tangu lini amekuwa mtu wa kuiba mchezoni, naye akajibu kwamba amechoka tu.

Harjit hakupata raha. Mwizi angemficha malkia au angebisha. Huyu alikiri haraka mno. Siku mbili baadaye alimkuta Firoz kituo cha basi, akamsikia akimuuliza msichana asiyemjua ni basi namba ngapi linalokuja. Lilikuwa limeshafika karibu, namba zake kubwa kama sahani.

Alimvuta pembeni akamuuliza anaona kiasi gani. Firoz alikana, kisha akasema ni ukungu kidogo tu pembeni, tena jioni tu. Mwishowe alikubali kwamba jicho la kushoto halina kazi tangu mwaka jana, na la kulia linafuata.

"Na unaendesha wazee?"

"Njia naijua, Harjit. Miaka yote hii naijua. Nikiacha, kesho nitaamka niende wapi?"

Harjit alimwambia Jumatatu asishike usukani. Akishika, yeye mwenyewe atapiga simu ofisini. Firoz akamwita msaliti, akaondoka.

Jumatatu alishika usukani. Alibeba wazee saba salama hadi mtaa wa tatu, kwenye kivuko, ambapo mwanamke mwenye kigari cha mtoto alitokea upande wa kushoto, upande ambao Firoz hana. Mzee mmoja nyuma alipiga kelele. Firoz alikanyaga breki, minibasi ikasimama karibu kiasi kwamba yule mwanamke aliweka kiganja juu ya boneti. Hakuna aliyeumia.

Firoz alisogeza gari kando, akazima injini, akapiga simu ofisini walete dereva mwingine. "Sioni," aliwaambia. Walidhani ameugua ghafla. Alikaa na abiria wake dakika arobaini, hadi dereva mwingine alipofika.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi; dawa ya matone huenda ikakilinda kilichobaki. Leseni aliirudisha kwa posta.

Kinachomuuma Leena si ugonjwa. Ni kwamba mumewe alikubali kuitwa mwizi mbele yake kuliko kumwambia yeye kwamba haoni. Amemwambia hivyo mara moja tu.

Harjit ndiye anayempeleka kliniki. Hawajaombana radhi. Njiani huzungumzia mvua na bei za maembe, na Jumatano Firoz husema hajisikii vizuri, ili asipande kwenye karata.

Asubuhi, kabla Leena hajaamka, hukaa kitandani akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama fremu ya dirisha kwa la kulia, akijaribu kukumbuka kama jana ule upande wa juu alikuwa anauona.