Mwalimu Risper na Mashine ya Kupima Moyo

Mwalimu Risper alitoka Siaya kuja Garissa kufundisha muziki, na hakuomba uhamisho kama wengi wanaoletwa huku. Alijifunza kunywa chai ya maziwa ya ngamia, akanunua feni, akatulia. Ni mwanamke mwema. Kosa lake ni kuamini kila kitu kinachotumia chaji.

Mwaka huu shule ilipata kishikwambi chenye akili unde. Mwanafunzi akiimba, kinapima sauti yake, kisha kinasema moyo wake uko katika hali gani. Binti yangu Hinda akaimba wimbo wa kunywesha ngamia kisimani, aliofunzwa na babu yake kule Modogashe. Wimbo ule huvutwa kwa mguno mrefu, maana ngamia hanywi akiharakishwa. Kishikwambi kikawaka rangi nyekundu: mtoto ana huzuni nzito, mzazi aitwe.

Nikaitwa. Nje ya ofisi alikuwa ameketi jirani yangu Amino, na habari ikimfikia Amino asubuhi, mtaa mzima unaijua kabla ya adhuhuri. Nyumba ya marehemu mume wangu Dagane haijawahi kuwa na mtoto wa kuonewa huruma.

"Pole, Mama Hinda," Risper akaninong'oneza. "Kuna shida nyumbani?"

"Hakuna shida, Mwalimu. Kuna ngamia. Anawaimbia wanywe."

"Lakini mashine imesikia kilio."

"Basi iletewe ngamia, tuone kama atalia au atakunywa!"

Hinda akajificha nyuma ya hijabu yake. "Hooyo, mama yangu, tafadhali!"

Mlango ulikuwa wazi, na Amino alishaacha kujifanya anatafuta kitu mkobani. Risper akaniomba niimbe mimi, mashine ilinganishe. Nikaimba mstari mmoja. Ikanishauri ninywe maji na nimpigie rafiki ninayemwamini.

"Subhanallah!" nikafoka. "Kibao usiye na mama wala ukoo, wewe ndiye wa kunipangia huzuni? Umewahi kuona hata mkia wa ngamia?"

Rangi ikageuka kijani. Risper akaruka kwa shangwe, akasoma kwa sauti yake ya kwaya: "Furaha tele! Familia yenye upendo!"

Sikumsahihisha. Nikatoka kichwa juu, na Amino akasimama kunipisha. "Mashallah, abaayo, dada yangu, kumbe nyumba yenu ni ya furaha!"

"Alhamdulillahi," nikamjibu.

Tangu siku hiyo, Mwalimu Risper huwaomba wazazi wote wanaoitwa wafoke kidogo mbele ya kishikwambi.