Wafu Wasiobaki Chini

Kaseti ya gemu ilikuwa na karatasi ya rangi iliyosema ndani mna michezo tisini na tisa. Niliihesabu mara mbili palepale dukani Nairobi, ikawa saba. Saba hiyohiyo ilikuwa imerudiwarudiwa: mara askari amevaa nyekundu, mara kijani, mara anaanzia safari mtoni badala ya msituni. Nikamwambia mwenye duka anipunguzie bei kwa ajili ya ile tisini na miwili ambayo haikuwepo. Alicheka, akapunguza. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba televisheni zangu mbili zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo hata hao askari wa nyekundu na kijani wakawa mtu mmoja wa kijivu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza biashara ya gemu pale Sultan Hamud, miaka ya tisini, katika chumba nilichopanga ng'ambo ya reli. Mwenye chumba alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache, aliyekuwa amepigana kaskazini katika miaka ya sitini. Mke wake ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na maneno yote ambayo mzee hakuyasema, yeye aliyasema.

Gemu iliyopendwa ilikuwa ya huyo askari. Anakimbia kuelekea kulia, anapiga risasi, maadui wanaanguka. Kila adui akianguka anametameta mara tatu, kisha hayupo. Nilimuuliza fundi wa redio kwa nini hawabaki chini kama watu. Akaniambia, "Mashine ni ndogo. Haiwezi kubeba wafu wote. Lazima iwafute ndiyo ipate nafasi ya walio hai." Nililichukua kama jambo la ufundi.

Kisha watoto wakaanza kutembea na bunduki za mabua ya mahindi, wakiviziana nyuma ya choo cha soko. Mmoja akapasuliwa paji la uso kwa jiwe. Akina mama wa kanisa wakasema ni gemu. Mke wa mzee alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia, kama chumba kina ugonjwa.

"Wewe kijana, unafundisha watoto wetu kuua."

"Mama, watoto wa Ukambani walikuwa wakirushiana mishale ya vijiti kabla televisheni haijavuka Athi River."

"Hiyo ilikuwa mchezo."

"Na hii inaitwaje?"

Akageuka, akaenda zake. Jumapili pasta akatangaza kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, washirika watazungumzia gemu, na kwamba mzee, kwa kuwa aliwahi kushika bunduki ya kweli, ndiye atakayesema kama ni mbaya. Akisema ni mbaya, mwisho wa mwezi nitoke. Hukumu yangu ikawa mikononi mwa mtu ambaye hata salamu alikuwa akizijibu nusu.

Mimi ni mtu wa kupatana. Alhamisi mchana, watoto wakiwa shule, nikamwita mzee aje aone mwenyewe. Niliwaza: akiona ni vikaragosi vya kijivu vinavyorukaruka, atacheka, na nitakuwa nimemaliza. Sikujua chochote wakati huo. Nikampa padi, nikamwonyesha vitufe viwili, cha kuruka na cha kupiga.

Alijifunza haraka kuliko kijana yeyote wa hapo. Hakurukaruka. Alimweka askari wake nyuma ya jiwe, akangoja, akapiga. Nilihesabu kumi na mmoja. Halafu akaacha kupiga. Adui akamjia, akamuua, naye akaangalia tu mpaka laifu zake tatu zikaisha.

"Wameenda wapi?" akauliza.

"Akina nani, mzee?"

"Hawa."

Nikamweleza habari ya fundi wa redio, kwamba mashine inafuta ili ipate nafasi. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa. Kisha akaweka padi kwenye benchi, taratibu kama bunduki, upande wenye waya ukiangalia ukutani, akatoka. Alikuwa ameloa jasho mgongo mzima na siku haikuwa ya joto.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilihesabu watu mia moja na arubaini, nikarudia, nikapata mia moja arubaini na mmoja, kwa sababu mara ya kwanza nilijisahau. Pasta alimkaribisha mzee kwa heshima.

"Watoto hawajifunzi kuua pale," mzee alisema. "Mimi nilifundishwa kambini miezi mingi, na siku yenyewe ilipofika bado mkono ulikataa. Gemu haiwezi."

Nilianza kupumua.

"Ubaya wake ni mwingine. Inawaambia watoto kwamba mtu akifa anaondoka. Niliowaua mimi wako watatu. Hawajaondoka. Huyu mke wangu anajua nilivyorudi. Mama yangu alikuwa ameweka mbuzi langoni, nioshwe kwa ng'ondu, ile dawa ya utakaso, kabla sijaingia, jinsi mtu aliyemwaga damu anavyooshwa. Nikaambiwa tumeokoka, maombi yanatosha. Nikampita yule mbuzi nikaingia ndani. Nao wakaingia nyuma yangu."

Mke wake alisema kwa sauti ya chini, lakini wote tulisikia: "Miaka thelathini nalala na wewe na hujaniambia ni wangapi."

Pasta akauliza, kwa unyenyekevu, "Basi mzee, hiyo gemu ibaki ama itoke?"

"Ibaki," akasema. "Mimi ndiye nimekaa hapa bila kuoshwa." Akachukua kofia yake, akatoka nje.

Nilikuwa nimeshinda. Hakuna aliyenipongeza, na mimi mwenyewe nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Jumanne asubuhi mzee alinigongea mlango. "Twende Mbooni. Kuna mama mzee anayejua ile kazi ya kuosha. Watoto wangu wamekataa kuandamana nami, wanasema ni ushenzi. Wewe huna kanisa la kupoteza."

Mbuzi tulimnunua chini ya kilima, wa rangi moja, asiye na kovu. Mwenye mbuzi alitaja bei ya wazimu na mimi nikafungua mdomo. Mzee akanishika mkono. "Huyu hatupatani bei." Nikalipa bei ya kwanza, mara moja tu maishani mwangu, na miguu ikaniuma njia nzima ya kupanda.

Yule mama mzee aliishi kwenye mteremko, kati ya maharagwe na miti ya parachichi. Alichinja, akachanganya majani na vitu vya tumboni mwa mbuzi katika nusu ya kibuyu. Kisha akamuuliza mzee, "Ni wangapi?"

"Watatu."

Mama akaendelea kukoroga. "Ni wangapi?"

Mzee alinitazama, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na hesabu. Nikatazama maharagwe.

"Wanne," akasema. "Wa nne alikuwa amebeba maji. Sikumwona uso."

Mama hakushangaa. Alichovya majani, akamnyunyizia mara nne, akimgeuza kila mara aangalie upande mwingine. Nilihesabu. Sikuhesabu tena.

Tulipokuwa tukishuka nilimuuliza kama sasa wameondoka. "Hapana," akasema. "Lakini wametoka nyumbani." Na mimi, mtu ninayeuliza bei ya chumvi mara mbili, sikumuuliza zaidi.

Tulifika Sultan Hamud alasiri. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Mzee hakujaribu kuingia. Alisimama uwanjani na nguo zake bado zikinuka majani na utumbo, akamwambia hesabu yote, wa kwanza hadi wa nne, na yule wa maji akamtaja peke yake. Mke wake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia, akatoa kiti kimoja, akakiweka chini mbele ya mlango, akarudi ndani. Mzee akakaa.

Nilisimama kando ya ua nikingoja nione kama kitatoka cha pili, cha mke wake. Nilingoja mpaka kivuli cha paa kikamfika mzee magotini. Ng'ambo ya reli vijana walikuwa tayari wanagonga mlango wa chumba changu, wakiniita kwa jina, na hatimaye nikaenda kuwafungulia.