Fundi Aliyemwigiza Shehe

Harufu ya pasi ya makaa hunirudisha kwenye baraza la fundi cherehani, jirani yetu hapa Gisenyi. Siku ile alivaa kanzu ya mteja, akashika futi yake kama tasbihi, akamwigiza shehe anayefupisha dua pilau ikinukia. Watoto tulicheka sana.

Jioni wakaja vijana wawili. Walimpiga, kisha wakainyanyua cherehani waibwage barabarani. Bibi yangu, aliyekuwa ametoka kuswali, akaikumbatia.

“Toka, mama! Huyu mutu ametukana dini.”

“Pilau iko dini? Bon, muanze na mi.”

Wakaondoka.

Fundi aliendelea kutushonea nguo za Idi, vizuri kama zamani. Tulipomwomba aigize mtu, hata mlevi tu, alituuliza tunataka mikono mirefu au mifupi.