Mama wa kambo wa runingani aliyekaribia kunyang'anywa mtoto nyumbani

Saa mbili asubuhi, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu mtaani Kayole, Lydiah Waringa anachukua sahani ya ugali kutoka mikononi mwa msichana wa miaka kumi na kuimwaga kwenye ndoo ya taka.

"Utakula ukimaliza kufua," anamwambia. Hapazi sauti. Msichana anainamisha kichwa.

"Kata!" anasema mwelekezi, Sydney, akiwa nyuma ya kamera. "Tunarudia. Sahani imefunika uso wa mtoto."

Lydiah anachutama, anamfunga msichana kamba za kiatu na kumuuliza kama amekunywa chai. Ugali mwingine unaletwa. Anaumwaga tena, mara tano, hadi Sydney aridhike.

Kwa miaka miwili sasa Lydiah, 44, ameigiza Salome, mama wa kambo katili katika tamthilia inayopeperushwa kila Jumatano jioni. Hulipwa Sh4,000 kwa siku ya kurekodi, na siku hizo hazizidi sita kwa mwezi. Siku nyingine hushona sare za shule katika kibanda chake Shauri Moyo.

Alianza kuigiza akiwa na miaka 21, katika kundi lililozunguka shule za upili na michezo ya vitabu vinavyotahiniwa.

"Tulikuwa watu saba na wahusika ishirini," anakumbuka. "Asubuhi moja ningekuwa bibi harusi, nyanya yake, na askari anayekuja kumkamata bwana harusi."

Ni katika ukumbi wa mtaa alikokutana na Caleb Odongo, karani wa reli aliyekuja kutazama mchezo. Caleb alikuwa amefiwa na mkewe na kuachiwa binti wa miaka mitatu, Elsie. Walioana. Miaka minne baadaye Caleb aliugua figo, akafariki. Lydiah akabaki na Elsie katika nyumba yao ya Mbotela.

"Hakuna aliyeniambia nibaki naye, na hakuna aliyeniambia nisibaki," anasema. "Kesho yake alikuwa na shule. Nikampigia pasi sare."

Elsie sasa ana miaka 14.

Matatizo yalianza mwaka jana, baada ya kipindi ambacho Salome anamfungia mtoto nje kwenye mvua. Muuza mboga wa Mbotela alimrudishia Lydiah pesa zake. "Aliniambia, 'Enda umlishe yule mtoto kwanza.' Mimi nikacheka," anasema.

Shuleni hakukuwa na kicheko. Wenzake Elsie walianza kumuuliza kama hupewa chakula cha jioni. Kisha akaanguka akicheza netiboli na kuvunjika mkono. Aliporudi darasani na plasta, hakuna aliyeamini habari ya mpira.

Uvumi ulifika Kisumu, kwa Winny, dadake marehemu mamake Elsie. Jumamosi moja alibisha hodi akiwa na kaka yake, Sylvance. Walibeba sanduku tupu la kutilia nguo za mtoto.

"Walikataa chai," anasema Lydiah. "Nikajua mambo si mazuri."

Winny alimketisha Elsie kando yake. "Niambie ukweli, nyathina, mwanangu. Usimwogope."

"Auntie, ni mpira tu," Elsie akamjibu. "Na hizo za TV tunazifanyia mazoezi hapa. Mimi ndiye husoma sehemu ya mtoto."

"Basi fanyeni nione."

Lydiah anasema hajawahi kusimama mbele ya watazamaji wagumu kama wale wawili. "Nikiigiza vibaya, watasema tunadanganya. Nikiigiza vizuri, watambeba mtoto waende."

Aliamua kuigiza vizuri.

Kwa kawaida Lydiah na Elsie hufanya mazoezi kwa sauti ya chini kwa sababu kuta za nyumba zile hazifichi kitu. Siku hiyo Lydiah alifoka kwa sauti yote. Elsie akalia, jinsi ilivyoandikwa kwenye skripti. Kabla hawajamaliza, mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa jirani, Mzee Bedan, fundi wa viatu, na wanawake wawili nyuma yake.

"Leo hatunyamazi!" alipaza sauti. "Mama Elsie, mwache huyo mtoto!"

Aliyefungua mlango ni Winny.

"Nilijikuta mimi ndiye ninayewaeleza majirani kuwa ni mchezo," anasema Winny kwa simu kutoka Kisumu. "Nikageuka, nikamwona Elsie amemwegemea mamake, anacheka mpaka mkono unamuuma. Nikaketi. Nikaomba ile chai."

Sanduku lilirudi Kisumu likiwa tupu. Hata hivyo, kabla ya kuondoka, Sylvance aliuliza swali lililomkosesha Lydiah usingizi: karatasi za mtoto ziko wapi?

Hazikuwepo. "Miaka saba, na sikuwa na hata barua," anasema. "Siku yoyote mtu angeweza kuja na sanduku lingine." Jumatatu iliyofuata alifunga kibanda na kwenda ofisi ya watoto kuuliza jinsi ya kumwasili Elsie kisheria. Tangu hapo maafisa wamemtembelea nyumbani mara mbili.

Sydney alipendekeza Salome alegezwe, aombe msamaha, watu wampende. Lydiah alikataa. Anataja mteja mmoja aliyefika kibandani kupimisha sare ya mtoto wa mumewe.

"Hakunisalimia vizuri. Akaniambia, 'Kile cha mvua nilikiona. Nikazima TV.' Kisha akasema niongeze na sweta, kwa sababu asubuhi kuna baridi." Lydiah anatikisa kichwa. "Nikimlegeza Salome, yule mama hataagiza sweta."

Kesi ya kumwasili Elsie itasikizwa mwezi ujao. Winny ameahidi kuja kutoa ushahidi upande wa Lydiah, na Sydney ameahirisha kurekodi siku hiyo. Elsie amekwisha kumchagulia mamake nguo ya kuvaa.

Mawakili wanaomsaidia Lydiah wamemwambia kwamba huenda akaulizwa maswali machache tu. Bado anayawazia, akiwa kwenye cherehani, akiwa jikoni.

"Siku hiyo hakuna skripti," anasema. "Wataniuliza mimi ni nani kwa huyu mtoto, na nitawajibu."